Jibu: Chipsi zinafika kwa mteja zimelegea, nitumie boksi gani?

Mkuu, kabla hujalaumu boda au kubadilisha boksi, angalia mvuke. Chipsi zikitoka kwenye mafuta zinaendelea kutoa mvuke. Ukizifunika papo hapo kwenye foili, mvuke unagonga mfuniko, unageuka maji na kuzirudia. Hapo hata boksi la bei mbaya halikusaidii. Ziache zichuje mafuta dakika moja mbili, kisha tumia boksi la karatasi ngumu lenye matundu mawili matatu ubavuni, karibu na mfuniko (ya juu yanazibwa ukipanga maboksi). Ndani tandika karatasi isiyopitisha mafuta. Kachumbari iende kwenye kikopo chake chenye mfuniko, ukiichanganya humo umeshaharibu kila kitu.

Yale maboksi meupe ya povu ni rahisi, najua, lakini poliistirini, plastiki inayotengenezea maboksi hayo, hulegea kwenye nyuzi 100 hivi, na mafuta ya kukaangia yanafika 170 na zaidi. Mimi simpi mteja wangu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo chukua ya karatasi yenye kitako kipana, boda akikata kona boksi lisilale.