Unarudi kwenye upinde? Anza na bega, si na duka

Watu wanaotaka kurudi kuwinda kwa upinde baada ya kukaa pembeni miaka mingi huniuliza swali lile lile: upinde gani ni mzuri siku hizi? Mimi huwauliza habari za bega. Pinde nzuri zimejaa tele. Bega ni lile lile, nalo umri umelipitia.

Zamani nilikuwa navuta ratili 70, yaani nguvu inayohitajika kuurudisha uzi nyuma (ratili moja ni kama nusu kilo). Niliporudi nikashuka hadi 55, na sijaona mnyama aliyelalamika. Jipime hivi: kaa kwenye kiti, inua nyayo sakafuni, elekeza upinde mbele moja kwa moja, kisha uvute taratibu. Ukijikuta unaunyanyua juu angani ndipo uzi uje, upinde huo umekuzidi. Porini utavuta ukiwa umekaa kimya kwa saa nyingi, misuli imepoa, na mnyama anakutazama.

Ukipenda upinde wa kapi, yaani wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake, kumbuka kwamba nyingi hushushika takriban ratili 10 tu kutoka kiwango chake cha juu. Kwa hiyo ule wa 60 utakupa nafasi ya kuanzia 50 na kupanda kadiri mwili unavyozoea. Utafurahi pia kuona jinsi za sasa zinavyokupumzisha ukishavuta hadi mwisho: nyingi hukuondolea asilimia 80 hadi 85 ya uzito, yaani upinde wa ratili 60 unaushikilia kwa ratili 9 hadi 12. Zile za zamani zilikuwa choyo zaidi.

Urefu wa kuvuta, yaani umbali ambao unaurudisha uzi nyuma, nao upime upya. Nyoosha mikono pembeni, pima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kingine, gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 175 anapata 70, kama inchi 27 na nusu. Hapo ni pa kuanzia tu; fundi mzuri atakurekebisha akikuona umesimama.

Kasi inayotangazwa ipuuze. Kwa kawaida hupimwa kwa ratili 70, mvuto wa inchi 30 na mshale mwepesi wa greni 350 (greni ni kipimo kidogo cha uzito; 350 ni kama gramu 23). Hayo si maisha yako wala yangu.

Pesa yako ipeleke kwenye mishale. Wengi hutoa ile ya zamani kwenye podo wakaendelea nayo, ilhali ilichaguliwa kwa upinde mzito zaidi. Ugumu wa mshale huandikwa ubavuni kwa namba kama 300, 340, 400 au 500, na namba ikiwa ndogo mshale ni mgumu zaidi. Ukipunguza ratili, huenda ukahitaji mshale unaolegea kidogo, la sivyo utahangaika kurekebisha upinde usio na kosa. Mishale ya kaboni iliyolala muda mrefu ikunje kidogo mmoja mmoja karibu na sikio huku ukiuzungusha. Ukisikia mlio wa kukatika au ukahisi ufa, uvunje kabisa asije mtu akautumia. Kaboni ikipasuka wakati wa kufyatua, vipande huingia mkononi.

Kwa uzito wa mshale, mimi napenda greni 420 hadi 480. Chini ya greni 5 kwa kila ratili unayovuta, mshale unakuwa mwepesi mno na upinde wenyewe ndio unaoumia.

Kwa ratili 50 na kitu, chagua chembe, yaani kichwa cha mshale, chenye makali yasiyokunjuka. Vile vinavyofunguka vikigonga ngozi hutumia sehemu ya nguvu kujifungua, na wewe huna nguvu ya kugawa. Usiamini makali ya kiwandani: vuta mpira mwembamba wa kufungia bahasha, uguse na wembe wa chembe. Usipokatika kwa mguso tu, noa.

Ule upinde wako wa zamani usiuvute kabla haujakaguliwa. Pitisha pamba juu ya makono yake, zile sehemu mbili zinazopinda ukivuta. Ikinasa, kuna ufa. Uzi uliochakaa badilisha bila kujadiliana, na usiufyatue bila mshale hata kwa mzaha.

Vidoa vya kulengea na kifyatulio cha mkononi kinachoushika na kuuachia uzi, chukua vya kawaida vinavyokukaa.

Sheria isome kabla ya kulipa chochote. Kuna sehemu zinazoweka kima cha chini cha ratili kwa kila aina ya mnyama, na kuna nchi kama Uingereza ambako kuwinda kwa upinde ni marufuku.

Umbali unaokufaa wa kuwindia utaambiwa na mshale wa kwanza wa asubuhi, kabla misuli haijapata moto. Mshale wa ishirini husifia sana. Piga mmoja, uandike umeangukia wapi, weka upinde chini hadi kesho yake. Baada ya wiki chache utajua kama ni mita 25 au 15, na ukiwa porini usivuke hapo.