Mwanangu, naishi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Jumapili uliniuliza kwenye simu, "Baba, hapo Pasua unaishi au unasukuma siku tu?" Kisha ukasema nihamie kwenu Njiro, nitafutiwe mtu wa kunihudumia. Nilinyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilitaka nikujibu kwa utulivu. Namtajia mdogo wako maneno, yeye anaandika. Nimemwambia asipunguze hata moja.

Naishi, mwanangu. Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Siku ile ya ajali nilikuwa gerejini, nagonga beringi iliyoganda kwa tindo na nyundo. Kipande cha chuma, kidogo kuliko punje ya mtama, kikaruka kikaingia jicho la kulia. Damu haikutoka ya maana. Nikanawa, nikauziwa matone duka la dawa, nikarudi kazini. Laiti ningelifunika bila kulibonyeza na kwenda hospitali saa ileile! Nilifika KCMC siku ya tano, limeshaharibika. Wiki kadhaa baadaye la kushoto, ambalo halikuguswa na kitu, likawa jekundu, likawa halivumilii mwanga. Daktari akanieleza kwamba jicho moja likitobolewa, mara chache sana kinga ya mwili hugeuka ikalishambulia na lile zima. Limebaki kunionyesha dirisha lilipo, basi. Wewe ulikuwa bweni, tulikuficha mengi, na kwa hilo nisamehe.

Kilichonivunja hakikuwa giza. Ni kunyang'anywa kila kitu mkononi, tena kwa upendo. Mama yako alinimenyea hata ndizi mbivu. Wageni walimuuliza yeye, "Mzee atakunywa chai ya rangi?" nami nimekaa palepale. Mwaka mzima nilikuwa wa kiti cha barazani, hata ndevu sikuona sababu ya kunyoa. Ungeniuliza swali lako wakati ule, ningesema nasukuma siku.

Kilichoniinua ni injini. Kijana niliyemfundisha kazi alileta pikapu uani, inamisi, yaani injini inakatakata, imemshinda. Nikamwambia aiache inaunguruma, achomoe waya za plagi moja moja. Ya kwanza, mlio ukadorora. Akairudisha, akachomoa ya pili, ukadorora vilevile. Ya tatu, mlio haukubadilika hata chembe. "Ni hiyo hapo," nikasema, "silinda hiyo haifanyi kazi." Akabadilisha plagi, injini ikatulia kama maji mtungini. Usiku ule sikulala, mwanangu. Kesho yake nilinyoa ndevu, nikamwomba mama yako anifikishe gereji.

Sasa naenda mwenyewe na fimbo nyeupe. Spana ya 12 na ya 13 nazitofautisha kwa kidole gumba. Noti ya elfu kumi ni ndefu kuliko ya elfu tano, naipima kwenye kidole. Mezani mdogo wako ananisomea sahani kama saa: mchicha saa sita, nyama saa kumi na mbili, karibu na kifua changu. Nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, nazijifunza polepole, vidole vya fundi vina sugu. Anayenifundisha aliniambia kwamba Louis Braille, Mfaransa aliyezibuni mwaka 1824 akiwa na miaka 15, alijichoma jicho moja akiwa na miaka 3, kwa chombo cha kutobolea ngozi, karakanani mwa baba yake. La pili likafuata, kama langu. Nilimfikiria sana yule baba. Alirudije kushika chombo kile?

Yapo yanayoniuma bado. Sura ya mwanao siijui, naishika tu, nikianzia paji la uso. Asubuhi mlima ukiwa wazi, mdogo wako hunigeuza bega niuelekee, nami nasimama kidogo. Na bodaboda zinazoegeshwa njiani zimeshaniangusha mara mbili.

Ila hapa nazijua hatua zangu. Kutoka getini hadi gereji ni 140. Baada ya mwembe kuna mtaro usio na mfuniko, na mwenye genge hunipigia kelele nikiukaribia. Kwenu ningekuwa mgeni wa kupelekwa chooni. Najua mtanitunza vizuri sana. Ndicho ninachokiogopa, kile kiti cha barazani kitanifuata hadi Njiro. Nikishindwa kweli, mwanangu, nitakuambia kabla hujauliza, na utakuja kunichukua.

Desemba ukija, ukiingia uani taja jina, usisubiri nibahatishe. Usinikamate mkono ukanivuta. Nipe kiwiko chako nikishike, wewe utangulie nusu hatua, twende Mbuyuni tukanunue nyama ya supu. Ukitaka kuondoka nilipo, sema naondoka, nisibaki naongea na ukuta. Mlango uache wazi kabisa au ufunge kabisa; ule wa nusu ndio unaonipasua uso.

Hiyo fedha ya kumlipa mtu wa kunihudumia, ninunulie miwani ya kukinga macho, ile ya plastiki ngumu inayofunika na pembeni. Gerejini vijana ni sita. Wawili wananiambia inawatoa jasho. Nunua yenye matundu ya hewa; kuhusu kuivaa, sitaki kusikia mjadala.

Msalimie mkwe wangu. Mwanao mpe simu jioni, niisikie sauti yake.

Baba yako