Pikipiki ya theluji kwenye mchanga wa Sikonge?

SWALI: Shikamoo fundi. Nabeba asali kutoka porini Sikonge kuja Tabora mjini. Kwenye simu nimeona pikipiki ya theluji: mbele skii, nyuma mkanda. Naweza kuunda ya hivyo nipite mchanga wetu?
– Mrina asali, Sikonge

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ile ni pikipiki ya kawaida ya mashindano ya matope, mara nyingi ya cc 450, imevuliwa magurudumu ikafungwa skii mbele na mkanda wa mpira wenye meno marefu nyuma. Milimani Marekani na Kanada inapita pale ambapo tairi ingezama. Lakini mkanda huo unateleza juu ya reli za plastiki, na kinachozilainisha na kuzipoza ni theluji yenyewe. Kwa mchanga mkavu wa Oktoba, reli zitayeyuka hata hujafika mbali. Tena wenzetu huko huziba radieta ili injini isipoe mno. Wewe adui yako ni joto.

Pesa hiyo itie kwenye pikipiki uliyo nayo. Nyuma funga tairi ya meno makubwa na sproketi kubwa zaidi: mbio zitapungua, nguvu utaipata. Upepo punguza kidogo tu, maana ukigonga kisiki na mzigo, rimu inabana tyubu na kuitoboa. Madumu yaning'inize chini pembeni, usiyapange juu ya keria kama ghorofa. Chujio la hewa lisafishe kila urudipo. Wanaolipuuza huniletea pistoni zilizolika, halafu wanalaumu oili.