Joe Strummer baada ya The Clash
Unadhani Joe Strummer, mwimbaji wa The Clash, bendi ya punk (roki ya kasi na ukali) ya Uingereza, aliishia hapo? Hapana ndugu yangu, hakuishia The Clash. Kabla yake aliimba na The 101ers, bendi ya baa za London. Alipowaona Sex Pistols, bendi nyingine ya punk, mwaka 1976, akaiacha na kujiunga na The Clash. The Clash ikavunjika 1986, na 1991 akawa mwimbaji wa muda wa The Pogues, bendi ya punk yenye ladha ya Kiayalandi. Ila tafuta sana The Mescaleros, bendi yake ya kuanzia 1999. Humo sauti imekomaa, na rege na midundo ya mataifa mengine imechanganyika bila kulazimishwa. Novemba 2002 walipiga London kuwachangia wazimamoto waliokuwa wakigoma, na Mick Jones, mpiga gitaa mwenzake wa The Clash, akapanda jukwaani na gitaa lake, mara ya kwanza kupiga pamoja hadharani tangu 1983! Mwezi uliofuata Strummer akafariki, akiwa na miaka 50.