Nimelipia Mbps 30, chumbani napata 6. Nipande kifurushi?

Swali

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mhasibu, nafanyia kazi nyumbani, Tabata, Dar es Salaam. Tumefungiwa intaneti ya faiba na nalipia kifurushi cha Mbps 30 kila mwezi. Ruta iko sebuleni. Chumbani ninakofanyia kazi, nikipima kwa simu napata 6, na jioni nyingine 4. Mwanangu akishusha michezo kwenye kompyuta yake anaonyeshwa 3 tu. Nilipiga huduma kwa wateja, wakamtuma kijana, akapima kwa simu yake akiwa amesimama pembeni ya ruta, ikasoma 29. Akasema kwao hakuna tatizo, labda nipande kifurushi cha 60. Jirani yangu yeye anasema ninunue ripita, kile kifaa cha kurudia mawimbi ya Wi-Fi yafike mbali. Nimsikilize nani?

Jibu

Dada yangu, wote wawili waweke kando kwanza. Kipimo cha yule kijana, hata kama alikuwa na haraka ya kuondoka, kimeshakwambia kwamba Mbps 30 zinaingia ndani mwako, angalau kwa saa ile. Kinachokusumbua kinatokea baada ya hapo. Ukipanda hadi 60 bila kukijua, utakuwa umepanua bomba la mtaani huku la chumbani ni lile lile jembamba.

Tuanze na mwanao, maana malalamiko yake ndiyo yaliyonipa mwanga. Kampuni huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde, ndiyo hiyo Mbps ya kwenye risiti yako. Programu nyingi za kushushia michezo na mafaili huonyesha megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Hiyo 3 anayoiona ni sawa na Mbps 24. Sasa chukua 24 zake, jumlisha na 6 zako. Kama ulipima simu wakati kompyuta yake inashusha mchezo, hakuna kasi iliyoibwa na mtu: mmegawana, ila yeye kajipakulia nyingi. Michezo ya siku hizi si midogo. Mchezo wa gigabaiti 100, kwa Mbps 24, unachukua zaidi ya saa tisa. Mwambie aache ushuke usiku mkiwa mmelala, au aingie kwenye mipangilio ya programu yake aiwekee kikomo cha kasi. Nyingi zina sehemu hiyo. Ruta nyingine nazo zinakuruhusu kukipangia kila kifaa mgao wake.

Kuna mlaji mwingine asiyeonekana. Simu za watu wote nyumbani, zikiingia tu kwenye Wi-Fi, huanza kupandisha picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupandia ikijaa, hata kushusha kunazorota, kwa sababu kila data inayoshuka inahitaji majibu madogo ya kuthibitisha kwamba imepokelewa, na majibu hayo yanakwama kwenye foleni nyuma ya video za harusi. Wewe unayetuma mafaili ya wateja ndiye unayeumia zaidi. Kwa hiyo ukipima, usisome namba ya kushusha peke yake. Soma na ya kupandisha.

Sasa kipimo chenyewe. Simu chumbani haipimi kampuni. Inapima kampuni, ruta, kuta, simu yenyewe na majirani kwa mkupuo mmoja, na huwezi kujua nani kafanya nini. Chukua laptopu, tafuta waya wa mtandao (ule wenye kichwa cha plastiki angavu chenye meno manane), chomeka upande mmoja kwenye laptopu na mwingine kwenye tundu lililoandikwa LAN nyuma ya ruta. Laptopu nyingi mpya hazina tundu hilo. Adapta ya USB inauzwa Kariakoo, na kwa kifurushi chako hata ile ya bei ya chini inatosha. Zima Wi-Fi ya laptopu, la sivyo utakuwa unapima Wi-Fi huku unadhani unapima waya. Funga VPN kama unayo (programu inayopitisha mtandao wako kwenye njia ya siri). Waambie wengine watoke kwenye mtandao kwa muda. Kisha fungua Speedtest, programu ya kupimia kasi, na uchague seva (kompyuta inayokujibu kipimo) ya hapa Dar es Salaam, usikubali tu ile uliyopangiwa. Pima tena kwa fast.com, ambayo ni ya Netflix na hutumia seva za Netflix, ulinganishe. Fanya hivyo asubuhi, mchana, na saa 3 usiku, kwa siku kadhaa, na kila mara piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa.

(Wenye vifurushi vya 200 au zaidi wanaosoma hapa: kama kipimo chenu kinagota kwenye 94 kila siku bila kupungua wala kuzidi, angalieni waya au tundu la ruta. Tundu la megabiti 100 huishia hapo, na waya ambao jozi moja imekatika hufanya vivyo hivyo.)

Ukipata 27 hadi 30 kwa waya, kampuni imetimiza sehemu yake, na kazi iliyobaki ni ya ndani. Hapo ndipo nadhani uliko wewe.

Wi-Fi hutumia masafa mawili makuu. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri kidogo, lakini yamejaa: ruta za majirani, maikrowevu, vifaa vya bluetooth, vyote vimo humo. Ya gigahezi 5 yana kasi kubwa na nafasi zaidi, ila huchoka upesi yakikutana na ukuta. Nyumba zetu ni za tofali za saruji, lenta na nguzo zina nondo, na mara nyingi fundi wa kampuni anaifunga ruta pale waya ulipoingilia, yaani pembeni ya dirisha la mbele, nyuma ya TV, wakati mwingine ndani ya kabati kabisa. Toka hapo mpaka chumba cha nyuma mawimbi yanapita kuta mbili, kabati la nguo lenye kioo kirefu, na friji. Kioo na chuma hurudisha mawimbi, maji huyanywa. Nimeona hata simtanki la kwenye korido likikata mtandao wa chumba kizima.

Simu nayo ina mipaka yake. Simu nyingi za bei nafuu zinapokea 2.4 tu. Hata ukikaa juu ya ruta, kwenye mtaa wenye msongamano haitakupa kasi ya simu ya yule kijana, ambayo huenda ilikuwa kwenye 5. Ndiyo maana 29 yake na 6 yako zote zinaweza kuwa za kweli.

Kabla ya kununua chochote, fanya haya ya bure. Itoe ruta nyuma ya TV, iweke juu, wazi, karibu na katikati ya nyumba kadiri waya unavyoruhusu. Waya wa faiba wenyewe usiuvute wala usiuvunje kona, nitaueleza chini. Ingia kwenye mipangilio ya ruta (anwani na neno la siri vimeandikwa kwenye stika chini yake), yape masafa mawili majina tofauti ili ujue uko kwenye lipi, na kwenye 2.4 chagua chaneli (njia ndogo ndani ya masafa) 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani. Ukichagua 3 au 8 unawasumbua wa pande zote mbili, nao wanakusumbua. Upana wa chaneli uache kwenye megahezi 20. Programu za bure za kuchunguza Wi-Fi kwenye simu za Android zitakuonyesha majirani wamejazana chaneli ipi.

Ripita ya jirani yako siipendi. Zile za bei rahisi husikiliza na kurudia maneno kwa masafa yale yale, kwa hiyo kasi inayotoka huwa karibu nusu ya iliyoingia. Na watu huzichomeka chumbani kule kule ambako mtandao tayari umekufa, ikarudia unyonge ule ule. Kwako wewe unayekaa mezani kutwa, waya mmoja wa mtandao uliopitishwa juu ya dari hadi chumbani utamaliza kesi, na ni rahisi kuliko kupanda kifurushi kila mwezi. Mwisho wa waya huo unaweza kufunga ruta ndogo kama kituo cha pili cha Wi-Fi, simu nazo zikafaidi.

Je, kama kwa waya bado ni 8? Hapo mambo yanageuka. Angalia taa za kile kisanduku ambamo waya wa faiba unaingia (mara nyingine ndicho ruta yenyewe): LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kabisa. Lakini mwanga dhaifu hauwashi taa hiyo. Ndani ya mipangilio ya kisanduku kuna namba ya nguvu ya mwanga unaopokelewa, kwa kipimo cha dBm, na ina alama ya kutoa, hivyo wengi huisoma kinyume: -19 ni nzuri kuliko -27. Kwa vifaa vingi vya majumbani -27 ndiyo ukingoni. Mara nyingi sababu utaikuta kwa macho: ule waya mwembamba umekunjwa kona kali ukutani, au mguu wa sofa umeukalia. Ulegeze ukae kwa mduara mpana, upime tena. Usiuchomoe kuufuta kwa nguo. Ncha yake ikipata vumbi ni balaa jingine.

Kama alfajiri waya unasoma 29 na saa 3 usiku 9, kila siku, hilo ni foleni ya kampuni. Kwenye mfumo wa GPON, unaotumika sana majumbani, tawi moja la faiba lenye takriban gigabiti 2.5 hugawiwa nyumba 32 au 64, na mbele yake kuna mlango mwingine wa kuelekea intaneti, ambao kampuni imeununua kwa ukubwa fulani. Wakiuza kuliko walichonacho, jioni inaonekana.

Na kama seva ya Dar inakupa 30 lakini mfumo wako wa uhasibu ulio Ulaya unajikongoja, usigombane na ruta. Hizo ni nyaya za chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, Tanzania nzima iliionja hali hiyo.

Ukiwa na ushahidi wa waya, lalamika kwa maandishi, si kwa simu. Andika hivi: "Nalipia Mbps 30. Kwa waya, kifaa kimoja, seva ya Dar es Salaam, saa 3 usiku napata 9. Alfajiri napata 29. Picha zimeambatishwa. Naomba namba ya lalamiko." Tunza hiyo namba. Soma na mkataba wako, kwani wengi huandika "hadi Mbps 30", ila neno hilo haliwapi ruhusa ya kukupa 9 kila usiku. Wasipokujibu, au wakikujibu ovyo, TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, hupokea malalamiko ya wateja, lakini watataka kuona kwamba ulianza kwa kampuni yenyewe. Na fundi akitumwa tena, mwambie apime kwa waya, mbele yako, saa 3 usiku. Akitaka kuja saa 4 asubuhi, mkatalie.