Muulize Shangazi: Mkimbiaji wangu leo 24, wiki ijayo 3

Shangazi shikamoo,

Niko kwenye ligi ya fantasi ya mpira wa Kimarekani (kila mmoja anamiliki wachezaji wa kweli, na wale aliowapanga wanamletea pointi kwa wanachofanya uwanjani), tuko watu 12, wengi wetu tunafanya kazi ghala moja. Tunahesabu nusu pointi kwa kila pasi inayodakwa. Nina ranibeki mmoja, yaani mkimbiaji anayekabidhiwa mpira, jina lake nalificha kwa sababu wenzangu wanasoma jarida hili. Wiki ya kwanza alileta pointi 24, ya pili 3, ya tatu 5, ya nne 19, na juzi Jumapili 4. Nikimpanga anakauka, nikimweka benchi anafumuka. Jumanne asubuhi binamu yangu, naye yumo kwenye ligi, akaniletea ofa: nimpe huyo, anipe mpokeaji wake, yaani mdaka pasi, ambaye hashuki chini ya 10 wala hapandi juu ya 13. Nimeshinda mechi 3, nimefungwa 2. Nimpe?

Mchoka Roho, Houston, Texas

Marahaba mwanangu. Kuficha jina umefanya la maana, ila binamu yako naye si ajabu akawa anasoma hapa, kwa hiyo binamu, karibu, kaa hapo usikilize.

Tuanze na hesabu ya dukani. Jumlisha wiki zako tano: 55. Gawa kwa 5, unapata 11. Mpokeaji wa binamu naye yuko kwenye 11 na ushei. Kwa wastani ni bidhaa mbili za bei moja. Sasa zipange namba za mkimbiaji wako kuanzia ndogo: 3, 4, 5, 19, 24. Ya katikati ni 5. Yaani wiki tatu kati ya tano amekuacha na njaa, na ligi yenu hailipi wastani. Kila wiki unakutana na mtu mmoja, ukimzidi hata kwa nukta umeshinda. Zile 24 za wiki ya kwanza huwezi kuzitia kwenye mtungi ukaja kuzinywa wiki ya pili.

Wengi wangekomea hapo na kukwambia uza. Mimi nilikurudishia ujumbe kukuuliza: kila wiki alikabidhiwa mpira mara ngapi? Ukaniletea: 18, 7, 8, 17, 6. Halafu ukachomekea mwishoni, kama kitu kisicho na maana, kwamba zile wiki mbili kubwa timu yake ilikuwa inaongoza tangu robo ya kwanza, na zile tatu mbovu ilikuwa nyuma, akaingia mwenzake anayedaka pasi.

Mwanangu, hapo ndipo penye kesi yote. Timu inayoongoza inataka saa itembee. Mkimbiaji akipewa mpira na kuangushwa ndani ya uwanja, saa haisimami. Timu iliyo nyuma haina muda huo. Kwotabeki, yule mrusha pasi, anaanza kurusha, na pasi ikianguka chini saa inasimama. Kocha anamtoa mtu wa kupenya, anaingiza mtu wa kudaka. Kwa hiyo huyo wako si kigeugeu. Ni mtu wa zamu, na zamu yake inapangwa na matokeo.

Mwaka 2023 pale Philadelphia, mkimbiaji D'Andre Swift alianza msimu kwa kukabidhiwa mpira mara moja tu, akapata yadi 3. Najua watu waliomtupa usiku uleule. Siku nne baadaye mwenzake Kenneth Gainwell alikuwa majeruhi, Swift akapewa mpira mara 28 dhidi ya Minnesota, akatoka na yadi 175. Miguu ilikuwa ileile. Ndiyo maana mimi pointi naziangalia mwisho. Kwanza alipewa mpira mara ngapi, pili alirushiwa pasi ngapi, tatu timu ikifika karibu na mstari wa goli, ni nani anayebaki uwanjani. Mtu anayepewa mpira mara 15 kila wiki halafu analeta 4 anasubiri mvua tu. Mtu anayepewa mara 6 akaleta 14 kwa sababu alisukumwa na kuangukia ndani ya goli kutoka yadi 1, huyo ndiye wa kuuza kabla hujapiga mswaki.

Haya nayasema kwa sauti kubwa kwa sababu yalinigharimu. Desemba 2018 nilikuwa na mkimbiaji Derrick Henry wa Tennessee. Mechi 12, yadi 474, wastani haufiki 40 kwa mechi, na nusu ya kazi anaifanya mwenzake Dion Lewis. Hapa Columbus ligi yetu ya zamu ya usiku ilikuwa imeingia wiki ya kwanza ya mchujo. Alhamisi, kabla ya kuvaa viatu vya kazi, nikamshusha benchi na kumpandisha mtu mwingine ambaye alikuja kuleta 6. Saa tano na nusu usiku, wakati wa mapumziko ya kula, kijana mmoja akanisogezea simu bila kusema neno. Henry anatoka yadi 1 mbele ya mstari wa goli lake mwenyewe, anakimbia yadi 99, anawasukuma walinzi wa Jacksonville kwa mkono mmoja kama anafungua pazia asubuhi. Aliyewahi kukimbia yadi 99 kabla yake alikuwa Tony Dorsett wa Dallas peke yake. Usiku ule Henry alimaliza na yadi 238 na tachidauni 4, yaani mara nne aliufikisha mpira ndani ya goli: pointi 47.8, zote zimekaa benchini kwangu. Nikafungwa kwa pointi 9. Kwetu anayetolewa analisha zamu nzima, kwa hiyo Jumanne nilikuwa jikoni nakunja sambusa 80, na kila aliyepita kuchukua alinitajia jina la Henry.

Lakini sikiliza funzo lenyewe, maana mwanzo nililishika vibaya. Msimu uliofuata nikang'ang'ania kila mkimbiaji mbovu nikisema "huyu naye ana usiku wake unakuja". Wengi hawana. Usiku ule wa yadi 238 Henry alikabidhiwa mpira mara 17 tu. Peke yake ungeweza kuwa bahati. Dalili ilikuwa mechi iliyofuata, dhidi ya Giants: kocha alimkabidhi mara 33. Kuanzia hapo yule hakuwa tena mtu wa zamu. 2019 aliongoza ligi yote kwa yadi 1,540, na 2020 akavuka 2,000. Nami 2019 sikuwa naye, usiniulize.

Turudi kwako. Wako hajapata mechi yake ya mara 33. Bado yuko zamu. Basi mtumie kama mtu wa zamu: tazama mechi zake nne zijazo, wiki ambayo timu yake inakutana na dhaifu mpange, wiki ya kukutana na kigogo mpumzishe kama unaye mwingine. Hutapatia kila mara. Na wiki ambayo mpinzani wako ana kikosi kizito kukushinda, mpange tu, maana mtu wa pointi 11 kila wiki hatakuokoa lakini 24 itakuokoa.

Jambo jingine ni uhaba. Timu ziko 32, nyingi zinagawa kazi kwa wakimbiaji wawili, nanyi mko 12, kila mmoja anapanga wawili au watatu. Mtu anayekabidhiwa mpira mara 17 hata kwa wiki chache hapatikani sokoni. Wapokeaji wa pointi 10 au 11 nao hawajazagaa, lakini wanapatikana kirahisi zaidi. (Ndugu zetu wa Dar wanaocheza fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza hili linawashangaza, kwao hata milioni ya watu wanaweza kuwa na Haaland mmoja. Huku akiwa wako, wengine wote hawana.)

Kisha tazama siku ofa ilipokuja: Jumanne, siku mbili tu baada ya pointi 4. Binamu hakuja baada ya 19. Hajakosea, ndivyo mnunuzi anavyopaswa kufanya, nami ningefanya hivyohivyo. Mjibu kwa heshima kwamba unamtaka huyo mpokeaji pamoja na mkimbiaji mmoja wa benchi yake. Akikataa, ngoja hadi Jumatatu ya wiki ambayo wako amefumuka, umpelekee ofa wewe. Na leo hii, kabla hujalala, ingia uangalie yule mwenzake mkimbiaji wako anayedaka pasi kama yuko huru, yaani hana mwenyewe, kwenye ligi yenu. Kama yuko huru, mchukue, umtoe mtu wako wa mwisho benchini. Ukiwa na wote wawili, mmoja akiumia zamu yote ni yako.

Na wiki utakayomweka benchi, usiwashe televisheni.