Bikoni za barabara zitangulie nyumba

Wiki hii mmeuliza Dar es Salaam ijipange vipi kwa miaka 20 ijayo ili ikue kwa uwiano, watu wasiendelee kurundikana Posta na Kariakoo. Kwa maoni yangu, kazi ya kwanza ni kutenga hifadhi za barabara kuu, yaani ukanda wa ardhi usioruhusiwa kujengwa nyumba, huko jiji linakoelekea. Mengine yanarekebishika baadaye. Barabara iliyojengewa nyumba haipatikani tena bila bomoabomoa na fidia.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao ni watu milioni 1 zaidi, na hapo hatujawahesabu waliohamia upande wa Kibaha, Mkuranga na Kisarawe. Tukikadiria watu 100 kwa hekta, shule na barabara zikiwemo, milioni nyingine itahitaji hekta 10,000. Humo, barabara za upana wa mita 30, zikikatiza kila baada ya kilomita 1 kwa pande zote mbili, zinachukua takriban asilimia 6 tu ya ardhi. Lami si lazima mwanzoni. Wekeni bikoni za zege (nguzo fupi za kuonyesha mipaka), mtaro na changarawe, ila upana usipunguzwe: ndimo zitakamopita daladala, bomba kuu la maji na nguzo za umeme. Penye njia ya mita 3, gari la zimamoto hupita kwa shida.

Ardhi hiyo inapatikana bila fidia kubwa. Majirani wenye jumla ya ekari 10, yaani mita za mraba kama 40,500, wakubali kila mmoja kutoa asilimia 35 kwa ajili ya barabara, shule na mitaro. Zinabaki kama 26,300, zinazotosha viwanja 65 vya mita za mraba 400, vyenye hati na bei nzuri kuliko shamba la awali. Mpango huu unavunjika mashamba yakishauzwa vipande vipande, kwa sababu badala ya wenyewe kumi mnakuta mia. Kwa hiyo maeneo ya pembezoni kama Chanika, Msongola na Kisarawe II si ya kusubiri.

Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza 2002, ulipima vizuri, lakini huduma zilichelewa. Viwanja vingi vilibaki pori mikononi mwa waliongoja bei ipande, na baadhi ya wenye mashamba waliofidiwa wakanunua mbele zaidi, kusikopimwa. Mauzo yasubiri maji na njia ya basi.

Ajira nazo zina ramani yake. Barabara za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa zote zinaelekea katikati. Za kuziunganisha huko pembezoni ni chache mno. Stendi ya mabasi ya Mbezi Luis, kwenye Barabara ya Morogoro, inavuta abiria wengi. Soko la jumla, hospitali na ofisi za umma zijengwe umbali wa kutembea kutoka hapo, ili ajira zisibaki katikati tu.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inazipa halmashauri mamlaka ya kupanga maeneo yao. Basi halmashauri za Dar es Salaam na Pwani zisaini ramani moja ya hifadhi za barabara, ibandikwe kila ofisi ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti asigonge muhuri kwenye mauziano yoyote kabla ya kuiangalia.